Ligeuzeni Gauni Mlione Ndani

Walimu wetu, mafundi wenzangu, wahitimu mnaopokea vyeti leo, wazazi na wageni mliokuja kuwashangilia: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Tangu mlipoketi nimeona macho yenu yakirudi kwenye sanamu hii iliyo kando yangu, iliyovaa gauni jeusi. Halina ua wala ushanga. Shingo yake imekatwa bapa kutoka bega hadi bega, mikono halina, kiuno kimekaa pale kiuno kinapotakiwa kukaa, na pindo linaishia vidole vinne chini ya goti. Basi. Binti mmoja wa safu ya mbele aliniuliza kabla sijapanda hapa, "Mama, hili ni la mwaka huu?" Nikamjibu kwamba lilishonwa miaka ya mwisho ya 1950. Hakuniamini. Akashika pindo, akanitazama tena, akaenda kuketi kimya.

Nimekuja kuwaeleza kwa nini hakuniamini.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa wakituonya tusihadaike na rangi ya nje. Gauni hili ni kinyume cha mkakasi. Nje ni hariri nzito nyeusi isiyo na maneno mengi. Ndani ndiko kazi ilikolala. Nimeshona na kukarabati nguo za zamani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila gauni lililonifikia likiwa bado zuri baada ya nusu karne, sababu yake niliikuta upande wa ndani. Hilo ndilo neno langu la leo. Yote mengine nitakayosema yanalifuata.

Lebo yake ilikatwa zamani. Pale shingoni mtaona alama nne za uzi mahali ilipokuwa. Nimelileta hivyo hivyo kwa makusudi, ili leo tulitazame bila jina la mtu kutuziba macho.

Tuanze na swali dogo: gauni la kokteli ni gauni gani? Ni vazi la saa chache tu. Lilizaliwa kwa ajili ya kile kipindi cha baada ya kazi na kabla ya chakula cha usiku, tuseme saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, ambapo watu wa Ulaya na Marekani, hasa kuanzia miaka ya 1920, walikuwa wakialikana kwa kinywaji na mazungumzo ya kusimama. Kabla ya hapo mwanamke mwenye uwezo alikuwa na nguo ya mchana, na alikuwa na nguo ya usiku ndefu ya kuburura. Katikati hapakuwa na kitu. Marekani ilipopiga marufuku biashara ya pombe, kuanzia 1920 hadi 1933, unywaji ulihamia majumbani na kwenye vilabu vya siri, na wanawake wakawamo humo pamoja na wanaume. Nguo ya mchana ilikuwa duni kwa saa hiyo, na ya usiku ilikuwa imezidi. Ikabidi litafutwe la kati: kitambaa cha usiku kwa urefu wa mchana.

Fikirini mtihani waliopewa mafundi. Wapewe hariri, atilasi, mahameli na lesi, vitambaa vilivyozoea kutembea polepole kwenye kumbi za dansi, halafu waambiwe wavikate vifupi, viweze kuingia garini, kupanda ngazi, kusimama saa mbili nzima na glasi mkononi, na vitoke hapo bila kukunjamana. Wengine walishindwa. Waliofaulu wametuachia darasa.

Oktoba 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wa gauni jeusi la mbunifu wa Paris, Gabrielle Chanel, la krepu ya hariri, la mikono mirefu, sahili kabisa kwa macho, na likalifananisha na gari la Ford. Maana yake ni kwamba litaenea kwa kila mtu, kama gari lile lilivyoenea. Weusi kabla ya hapo ulikuwa zaidi rangi ya msiba na ya sare za watumishi. Mara ukawa rangi ya jioni. Na kwa fundi, weusi wa aina hii ni hakimu mkali. Gauni lenye maua likikosewa mkato, maua hukusitiri. Gauni jeusi tupu halina pa kujificha: jicho linabaki na umbo peke yake, na mstari ukipinda kidogo unaonekana mpaka mlangoni.

Ikaja vita. Uingereza nguo zilitolewa kwa kuponi kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949. Marekani nako serikali iliweka ukomo wa kitambaa kinachoruhusiwa katika nguo za wanawake. Sketi zikafupika na kuwa nyembamba, mabega yakawa ya mraba kama ya askari. Ndiyo maana tarehe 12 Februari 1947, mbunifu Christian Dior alipoonyesha mkusanyiko wake wa kwanza katika nyumba namba 30, Avenue Montaigne, Paris, watu walishtuka. Sketi zilifunguka kama mwavuli, mita juu ya mita za kitambaa. Mabega yamelainika, kiuno kimebanwa. Carmel Snow, mhariri wa Harper's Bazaar, aliuita mtindo huo New Look, yaani sura mpya, na jina likabaki. Wako wanawake waliokasirika wakaupinga hadharani, na siwalaumu: umetoka kwenye miaka ya kushona viraka, unaonyeshwa sketi inayokula kitambaa cha nguo tatu. Lakini miaka kumi iliyofuata, hadi Dior alipofariki Oktoba 1957, kwa maoni yangu ndiyo iliyolipa gauni la kokteli sura tunayoitambua hadi leo. Hili langu limezaliwa humo humo.

Sasa tazameni. Nafungua zipu hii ya mgongoni. Ni ya chuma, na bado inateleza vizuri. Imefunguka yote mpaka chini ya kiuno.

Mmeona? Gauni halijaanguka. Halijasogea hata kidogo.

Linashikwa na utepe huu. Walio nyuma, mtauona baadaye kwa karibu. Ni utepe mgumu, upana wake kama kidole gumba, umeshikizwa kwenye mishono ya kiuno kwa ndani, na unafungwa kwa kulabu mbili chini ya zipu. Mvaaji hufunga utepe kwanza, ndipo apandishe zipu. Uzito wote wa sketi unaning'inia kwenye utepe, na utepe unakaa kwenye kiuno cha mwenyewe. Kwa hiyo zipu haivutwi, kifua hakishuki, mabega hayachoki. Gauni zito lisilo na utepe huu hubeba uzito wake lenyewe, miaka nenda miaka rudi, hata likiwa limetundikwa kabatini bila mtu ndani, na ipo siku utalitoa ukute kiuno kimehamia kwenye nyonga. Watu husema nguo imezeeka, kumbe imechoka kubeba kisichokuwa mzigo wake.

Nalitoa kwenye sanamu, naligeuza.

Huku ndani kuna gauni la pili. Hii bitana ni hariri nyepesi, imekatwa vipande vilevile vya gauni la nje, mshono kwa mshono. Na kati ya hizo mbili iko safu ya tatu ambayo mvaaji hakupata kuiona maisha yake yote: organza ya hariri, kitambaa chembamba chenye ukakamavu, iliyopigwa bandi kwa mkono kwenye kila kipande kabla mashine haijapita popote. Mikunjo ikitaka kuingia mtu anapoketi, organza inaikataa. Pindo nalo limeshonewa kwenye organza, halikushonewa kwenye kitambaa cha nje. Ndiyo sababu yule binti alipolishika hakuona hata tundu moja la sindano. Alikuwa akitafuta mshono mahali ambapo haupo.

Kifuani kuna vijiti sita vyembamba, kila kimoja kwenye mfuko wake wa utepe, mwisho wake umefungwa kwa kitambaa laini ili usimchome mtu. Begani, huu ukamba mdogo kama mkia wa panya, wenye kifungo cha kubonyeza: unashika mkanda wa sidiria usichungulie. Kwapani kuna pedi ya pamba, umbo la mwezi mchanga, iliyoshikizwa kwa mishono minne mirefu tu. Kwa nini minne tu? Ili ifumuliwe kwa urahisi, ifuliwe, irudishwe. Hariri na jasho hawapatani. Jasho huila hariri polepole, na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho huzidisha. Fundi huyu alijua kwamba kwapa ndiko kutakakokufa kwanza, akaweka askari pale.

Pindoni, kwa nyuma, viko vipande vitatu vidogo vya madini ya risasi, bapa kama senti, kila kimoja kimeshonewa ndani ya kifuko chake. Vinalivuta gauni chini likae wima mtu anapotembea.

Na sasa naomba mkae nami kidogo hapa, kwenye mshono wa ubavuni. Kitambaa kilichobaki nje ya mshono, hiki ambacho kazi yake ni kukaa tu, nimekipima: sentimita tatu na nusu kila upande. Nguo ya kiwandani ya leo huachiwa kama sentimita moja, mara nyingi pungufu. Sababu inaeleweka, kwa sababu sentimita mbili zikiokolewa kwenye nguo moja, kisha ukazidisha kwa maelfu ya nguo, unapata fedha nyingi. Ila kilichookolewa kimetoka mahali. Mwili wa mwanamke haukai pale pale. Atanenepa, atakonda, atazaa, ataugua na kupona, siku moja atampa bintiye aliyemzidi kimo. Aliyekata gauni hili aliyajua hayo akiwa na mkasi mkononi, akaacha akiba. Alilikata akijua kwamba mtu mwingine, fundi asiyemfahamu, atakuja kulifumua. Akamwekea nafasi. Huo kwangu ni ustaarabu mkubwa kuliko pambo lolote, na ndilo jambo ningependa kila mmoja wenu aondoke nalo mkononi, kwenye vidole hasa.

Kuna wabunifu waliosukuma sanaa hii ya ndani mbali sana. Cristóbal Balenciaga alizaliwa 1895 huko Getaria, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Hispania, mama yake akiwa mshonaji. Alianza kujifunza ushonaji akiwa mtoto, akafungua nyumba yake Paris mwaka 1937. Yeye, tofauti na wabunifu wengi wakubwa, aliweza kuchora, kukata na kushona vazi zima kwa mikono yake. Wakati wenzake wanabana kiuno, yeye alikiacha. Gauni lake la gunia la mwaka 1957 lilishuka moja kwa moja kutoka begani. Na gauni la kokteli aliloliita la mtoto, la 1958, lilikuwa na lesi iliyofunguka kama kengele juu ya gauni jingine la ndani lililoushika mwili. Ukiangalia kwa nje unaona hewa. Ndani kuna gauni linalofanya kazi yote ili lile la nje liweze kuelea. Watu wanaposema Balenciaga aliwapa wanawake uhuru wa kupumua, wanasema kweli, lakini uhuru ule ulishikwa na kulabu kama hizi. Alifunga karakana yake mwaka 1968. Getaria leo kuna jumba la makumbusho lenye jina lake, lililofunguliwa 2011, na mwenye uwezo wa kufika afike.

Mwingine ni Yves Saint Laurent, na magauni yake ya kokteli ya vuli 1965, yale ya miraba mikubwa ya rangi iliyogawanywa kwa mistari meusi, kwa kuiga michoro ya Piet Mondrian. Mtu anaweza kudhani ni kitambaa kilichochapwa. Sivyo. Kila mraba ni kipande chake cha kitambaa cha jezi, yaani sufu iliyofumwa, kimeunganishwa na jirani yake. Gauni linaonekana bapa kama ubao wa ukutani, nalo linavaliwa na mtu mwenye kifua na nyonga. Amefanyaje? Mikunjo yote ya kulipa umbo ameificha ndani ya ile mistari. Mistari inayoonekana kama pambo ndiyo inayobeba umbo. Nilipoelewa hilo mara ya kwanza sikulala mapema usiku ule. Nilikaa na karatasi na mkasi mpaka alfajiri.

Niseme na kuhusu darizi, ingawa gauni letu hili halina, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kuogopa.

Shanga na puluki, vile visahani vidogo vinavyometa, za Paris, kama zile za nyumba ya Lesage inayodarizi tangu 1924, hushonwa kwa kulabu ndogo mithili ya sindano ya kufumia. Kitambaa hukazwa kwenye fremu, upande wa mbele ukitazama chini, na mdarizi hushika uzi wa shanga kwa mkono ulio chini bila kuuona, huku mkono wa juu ukivuta uzi tundu baada ya tundu. Anafanya kazi mgongoni mwa kitambaa. Uso wa kazi yake hauoni mpaka aigeuze.

Nilikuwa na miaka michache kazini. Mama mmoja aliniletea gauni la jioni la miaka ya 1930, hariri iliyokatwa mshazari, kifua kizima kimejaa puluki za kijani. Lilikuwa la mama yake. Lilikuwa na mkunjo begani, kitu kidogo tu, na alitaka kulivaa Jumamosi. Nikatandaza kitambaa kibichi juu yake, nikapitisha pasi ya moto, kama nilivyofundishwa kwa hariri. Nilipokiinua kitambaa nilidhani nimeingiwa na ukungu machoni. Puluki zilikuwa zimegeuka uji. Zimeshikana, zimetiririka, zinaganda mbele yangu kwenye nyuzi. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba puluki nyingi za zama zile zilitengenezwa kwa jelatini, ambayo ikikutana na maji na moto huyeyuka kama ilivyo desturi yake. Kazi ya miezi ya mikono ya watu nisiowajua, nimeimaliza kwa dakika moja.

Yule mama alipokuja nililitandaza mezani na kumwambia ukweli. Alipitisha kiganja juu ya ile sehemu, taratibu, kama unavyompapasa mgonjwa. Hakunidai kitu. Ningependa angenidai. Tangu siku ile, gauni la zamani likinijia, sipeleki maji wala mvuke mpaka nichomoe puluki moja mahali pasipoonekana, niitie tone la maji ya vuguvugu kwenye kisahani, nisubiri. Nawaomba mfanye hivyo hivyo. Dakika tano za kusubiri si nyingi.

Nimetaja mikono ya watu tusiowajua. Paris mafundi wa karakana huitwa petites mains, mikono midogo, na jina la mkono mdogo haliandikwi kwenye lebo. Lakini hata mbunifu mwenyewe anaweza kufutwa. Ann Lowe alizaliwa Clayton, Alabama, mwaka 1898. Mama yake alikuwa mshonaji, na bibi yake, aliyezaliwa utumwani, alikuwa mshonaji pia. Mwaka 1917 Lowe alikwenda kusomea ushonaji New York, akawekwa chumba cha peke yake kwa kuwa yeye ni Mweusi na wenzake ni Wazungu. Akasoma peke yake, akamaliza. Ni yeye aliyeshona gauni la harusi la Jacqueline Bouvier alipoolewa na John F. Kennedy, tarehe 12 Septemba 1953. Siku kumi kabla ya harusi maji yalifurika karakanani yakaharibu gauni la bibi harusi pamoja na mengi ya magauni ya wapambe. Lowe na mafundi wake walianza upya, wakakata, wakashona, wakamaliza, hasara akaibeba yeye mwenyewe. Picha za gauni lile zilizunguka dunia, na magazeti mengi yalilieleza kwa urefu bila kumtaja aliyelishona. Leo kazi zake zimehifadhiwa katika makumbusho makubwa ya Marekani, na wanaozichunguza wanasifu nini? Namna zilivyomalizwa kwa ndani.

Mtaulizwa na wateja jinsi ya kutambua umri wa gauni, kwa hiyo nipite hapo haraka. Zipu ya chuma ubavuni mara nyingi ni ya mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1950. Ya chuma mgongoni, kama hii, ni ya miaka ya 1950 hadi katikati ya 1960. Zipu ya nailoni ilianza kushika soko miaka ya 1960. Lebo ya maelekezo ya kufua, kwa nguo za Marekani, ikawa lazima kuanzia 1972, basi mtu akikuletea gauni la Marekani la 1955 lenye lebo ya kufua iliyoshonewa kiwandani, muulize maswali. Na msiiamini lebo ya jina peke yake. Lebo hufumuliwa hapa ikashonewa pale, na jina huvuta fedha: gauni moja jeusi la Hubert de Givenchy lililotengenezwa kwa ajili ya mwigizaji Audrey Hepburn liliuzwa kwenye mnada wa Christie's, London, Desemba 2006, kwa pauni 467,200. Penye fedha za namna hiyo hapakosi mdanganyifu. Lebo inaweza kuhamishwa kwa dakika kumi. Organza iliyopigwa bandi kwa mkono kwenye kila kipande haihamishiki.

Utunzaji. Mwanga ni adui, hata wa taa. Makumbusho huweka vitambaa kwenye mwanga usiozidi takriban luksi 50, kwa kipimo cha mwanga, hafifu kiasi kwamba unasubiri macho yazoee. Mfuko wa plastiki uutupe. Funika kwa shuka la pamba lililofuliwa. Gauni la shanga lisitundikwe, lilazwe, maana shanga zitalichana kwa uzito wake. Kila mkunjo uuwekee karatasi laini isiyo na asidi, na mara mbili kwa mwaka ulifungue ulikunje mahali pengine. Nondo hupenda jasho na tone la chakula, kwa hiyo usilirudishe kabatini kabla halijapumua na kukaguliwa. Hayo yanatosha, mengine mtayajua kwa kazi.

Liko swali ninaloulizwa kuliko yote: livaliwe au lihifadhiwe? Wako wenzangu wanaoheshimika wanaosema kila saa mwilini ni siku imepungua kwenye maisha ya gauni, na wanasema kweli. Lile lililo peke yake duniani, lile ambalo hariri yake imeanza kupasuka yenyewe, liacheni lilale. Lakini gauni lenye nguvu, la kokteli hasa, ambalo lilishonwa kwa ajili ya ngazi na garini na mazungumzo, mimi nasema livaliwe. Machi 2001 mwigizaji Julia Roberts alipokea Oscar akiwa ndani ya gauni la mbunifu Valentino la mwaka 1992, jeusi lenye mistari meupe. Lilikuwa refu, si la kokteli, ila nalitaja kwa sababu hakuna aliyemwona mtu aliyevaa nguo ya zamani. Waliona mwanamke aliyependeza. Umbo la gauni huamka likipata bega la kulibeba. Juu ya sanamu mnaliona nusu tu, na mimi nimelitazama miaka mingi, ninajua.

Turudi kwenye akiba ya mshono. Nimelishika hapa ubavu wa kushoto, nimelielekeza kwenye taa. Kuna mstari wa mshono unaolishika sasa. Lakini ukisogea ndani, milimita nane hivi, kuna mstari mwingine wa vitundu vya sindano, vimepangana sawasawa, uzi umekwisha kutolewa. Huo ndio mshono wa kwanza, wa mwanamke aliyeshonewa, na alikuwa mwembamba. Kisha hapa nje, sentimita moja zaidi, kuna mstari wa tatu. Mtu alilipanua sana wakati fulani, labda baada ya kuzaa, labda miaka ilipita tu. Na baadaye mkono mwingine kabisa, wenye mshono mfupi na wa kukaza, ukalirudisha katikati, pale lilipo sasa. Wanawake wawili au watatu wameishi humu, na mafundi watatu wameligusa kabla yangu. Nje hakuna kinachoonyesha.

Mjukuu wa mwenye gauni ameniomba nimpanulie alivae mwezi ujao. Nimepima, akiba ipo, inatosha na bado itabaki sentimita moja na nusu kwa atakayekuja. Kazi hiyo sijaianza. Nimeingojesha mpaka leo ili mwone mistari yote mitatu kabla sijaongeza wa nne.

Naliweka hapa mezani, bitana ikiwa juu. Njooni watano watano, mikono imeoshwa na kukaushwa, pete mmevua. Yule binti wa safu ya mbele na aanze yeye.